Mtoto aliyetolewa nje ya ibada

JUMAPILI asubuhi mtaani Ganjoni haina papara. Maduka mengi yamefungwa, harufu ya mahamri na mbaazi inashuka kutoka madirishani, na kwenye ngazi za nyumba za ghorofa unapishana na akina mama wakiwahimiza watoto wafunge kamba za viatu. Kengele inasikika kwa mbali upande wa Barabara ya Nkrumah. Wengine wanakwenda kwa miguu, wengine wanasimamisha tuktuk. Ifikapo saa tatu na nusu jengo letu huwa limetulia tuli, isipokuwa ghorofa ya tatu.

Huko juu anaishi mama mmoja, jirani yangu, ambaye ameniomba nisilitaje jina lake gazetini. Ana mtoto wa kiume wa miaka tisa. Mtoto huyo alizaliwa baada ya uchungu uliochukua usiku kucha na nusu ya siku ya pili, akachelewa kulia, na baadaye madaktari wakasema ana mtindio wa ubongo. Hatembei. Maneno yake mgeni hayaelewi, ingawa mamake huyaelewa yote. Anapofurahi hupiga kelele, tena kelele ya kweli ya kusikika hadi barabarani, na hakuna kitu kimfurahishacho kama watu wengi wakiimba kwa pamoja.

Kwa mtoto wa namna hiyo ungedhani hakuna mahali bora kuliko kanisani. Lakini Jumapili yeye na mamake hukaa nyumbani, redio ikiwaimbia.

Kwa muda mrefu nilidhani mama huyu si mtu wa dini. Sisi watu wa mjini ndivyo tunavyopimana, kwa nguo za Jumapili na kwa saa mtu anayotoka mlangoni pake. Kumbe alizaliwa kanisani, akaimba kwaya, akafunga ndoa mbele ya madhabahu, na mume alipofariki akazikwa kwa nyimbo za kanisa hilo hilo. Haya aliniambia siku moja tulipokuwa tukinywa chai, umeme umepotea, nami sina pa kukimbilia.

Kwa miaka sita alimbeba mwanawe mgongoni hadi kanisani. Mtoto akiwa mdogo hapakuwa na neno, kwani kelele za mtoto mchanga kila mtu huzivumilia. Alipofika umri wa kwenda shule ndipo mambo yalipobadilika. Jumapili moja, katikati ya mahubiri, mtoto alicheka kwa nguvu. Mhubiri akanyamaza kidogo. Mhudumu wa mlangoni, mmoja wa wale wanaovaa mkanda begani, akaja akainama, akamnong'oneza mama kwa upole kwamba atoke nje kidogo ili wengine walisikie Neno. Mama akatoka. Akakaa kwenye ukingo wa bustani katika maegesho ya magari, chini ya mwarobaini, akamalizia mahubiri kwa kipaza sauti.

Wiki iliyofuata mhudumu yule yule alimpokea mlangoni na kumwonyesha kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango. Wiki ya tatu hakungoja kelele. Ibada ilipoanza tu, alimtazama mama kisha akautazama mlango.

"Alinitabasamia, jirani," mama aliniambia. "Wote walinitabasamia. Afadhali wangenitukana, ningejua la kujibu."

Akajaribu kumpeleka mtoto shule ya Jumapili. Mwalimu, msichana mwenye adabu zake, akamweleza kwamba watoto wengine wanaogopa na wazazi wameanza kulalamika. Kisha akaja mama mmoja wa maombi na chupa ya mafuta, akasema katika ukoo huo pana jambo ambalo halijatubiwa, basi ajiulize ni lipi. Hapo ndipo jirani yangu alipochoka. Akarudi nyumbani, akaitundika kabatini gauni ya Jumapili.

Miezi minane ilipita. Siku chache kabla ya Krismasi akina mama wawili wa kanisa walipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu wakiwa na pakiti mbili za unga, kilo ya sukari na chupa ya mafuta ya kupikia. Walisali mlangoni wakashuka. Hawakumuliza kwa nini hajaonekana tangu Aprili.

"Unga niliupika," alisema. "Sikuwa na kiburi cha kuurudisha. Lakini nilitaka waniulize."

Msomaji, usifanye haraka kuwalaani watu wa kanisa hilo. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa ibadani karibu na kijana aliyekuwa akitikisa kichwa na kujisemea peke yake. Kwanza nilisogeza mkoba wangu. Baadaye nikajisogeza mwenyewe. Tulipofika kwenye sala ya Bwana tulikuwa tumeachana kwa viti vitatu, nami nilisali kwa sauti kama kawaida. Hakuna aliyenikemea, na yule kijana sikumwona tena.

Kiwete wa Rabai

Kilichonifanya nichukue kalamu ni jambo la kihistoria ambalo wengi wetu tunaoishi kisiwani hatulijui, ingawa lilitokea mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa kwa matatu.

Kila mwanafunzi wa Kenya amesoma habari za Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, Wajerumani waliotumwa na chama cha wamishonari wa Kianglikana kutoka Uingereza, CMS. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga ng'ambo ya pili ya maji, upande wa Nyali, ambako kaburi lipo hadi leo. Rebmann alimfuata mwaka 1846, na wakahamia vilimani Rabai. Vitabu vya shule huendelea kutwambia kwamba Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848 na Krapf akauona Mlima Kenya mwaka 1849. Katika mtihani utaulizwa milima hiyo.

Hutaulizwa habari za Mringe.

Mringe alikuwa kiwete, tena maskini, mwenyeji wa Rabai. Wamishonari walihubiri miaka nenda miaka rudi wasipate hata mtu mmoja wa kubatiza. Wazee waliwasikiliza kwa heshima, wakapokea zawadi, wakaenda zao. Aliyesikiliza akabaki ni huyu asiyeweza kutembea vizuri. Alikuja kuzungumza, akauliza maswali, akarudi tena kuuliza. Mwaka 1851 aliugua, akabatizwa akiwa kitandani mwa mauti, na baada ya hapo akafa. Huyo ndiye anayehesabiwa kuwa Mkristo wa kwanza wa misheni hiyo, misheni ambayo makanisa mengi ya Kiprotestanti ya pwani hufuatilia asili yake hadi kwake.

Nilipomsimulia jirani yangu habari hizi alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama Mringe naye alikuwa akipiga kelele.

Lakini kisa cha Rabai hakiishii kwa Mringe. Krapf alirudi Ulaya, Rebmann akabaki. Alikaa Afrika Mashariki miaka 29, akiandika kamusi, akizika wenzake, kikundi cha waumini kikiwa kidogo cha kuhesabika kwa vidole. Na macho yake yakaanza kufifia. Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alipopita pwani hii mwaka 1873 kwa shughuli ya kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta Rebmann hapo Rabai akiwa mzee ambaye karibu haoni kitu. Mwaka 1875 alipoondoka hatimaye, hakuondoka peke yake. Aliongozwa na Isaac Nyondo, Mkristo mwenyeji, aliyesafiri naye hadi Ulaya. Rebmann alifariki Korntal, Ujerumani, mwaka 1876.

Hebu piga picha safari hiyo. Katika meli na katika stesheni za reli za Ulaya, mwanamume mweusi kutoka Rabai amemshika mkono kipofu wa Kizungu, akimwambia hapa pana ngazi, hapa pana mlango. Yule aliyekuja kuwaongoza watu sasa aliongozwa. Wahenga walinena kwamba kabla hujafa hujaumbika, nasi tunapenda kuutumia msemo huo kuwaonya wanaowacheka walemavu. Kwa Rebmann ulikuwa habari ya maisha yake.

Kwa hiyo kanisa lile dogo la Rabai, kabla halijawa na kengele, kwaya wala kamati ya maendeleo, lilikuwa na kiwete wa kwanza kubatizwa na mchungaji kipofu. Leo jirani yangu anaambiwa kwamba ulemavu wa mwanawe unavuruga ibada.

Waliokosa kwao

Mambo yalikua kuanzia mwaka 1875, W. S. Price wa CMS alipoanzisha kijiji cha watumwa walioachwa huru, ng'ambo ya kisiwa upande wa Kisauni. Kiliitwa Frere Town kwa heshima ya yule Frere. Ukivuka Daraja la Nyali na kuteremka Kengeleni, umefika. Manowari za Uingereza zilikuwa zikikamata majahazi baharini, na watu waliotolewa humo, wengi wao watoto, walipelekwa pale. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo kutoka sehemu za mbali. Hawakuwa na ukoo pwani hii wala lugha moja, na wengi hawakujua njia ya kurudia kwao. Kiswahili kikawa ndicho cha kuwakutanisha, na kanisa likawa ukoo.

Neno hili ukoo lina uzito. Pwani ya wakati ule mtu aliulizwa kwanza ni mtoto wa nani. Asiye na jibu hakuwa mwungwana. Maana, kabla neno uungwana halijawa na maana ya adabu njema, lilikuwa na maana ya kutokuwa mtumwa. Mwungwana alizaliwa huru, na mtumwa hata akiwa na adabu za malaika hakuitwa hivyo. Hapa nitatoka nje ya mada kidogo. James Mbotela, mwana wa Frere Town na uzao wa watumwa walioachwa huru, aliandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa kilichotoka mwaka 1934 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi. Mwanawe, Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, ndiye yule mtangazaji aliyeendesha kipindi cha Je, Huu ni Uungwana? kwa miongo mingi. Kwamba Wakenya walifundishwa uungwana redioni na mjukuu wa watu walionyimwa jina hilo ni jambo ambalo mimi binafsi huwa nalitafakari nikiwa peke yangu.

Sasa, ingekuwa rahisi kuiandika Frere Town kama pepo ya duniani. Haikuwa hivyo. Walikuwepo pale Waafrika waliokulia India, katika shule ya misheni ya Nasik karibu na Bombay, ambao nao walikuwa wametolewa majahazini wakiwa watoto. Walijua Kiingereza, walikuwa mafundi na walimu. Wamishonari wa Kizungu hawakuwapa heshima wala malipo waliyoona yanawastahili, na malalamiko yao yalidumu miaka mingi. Nao wenyewe walijiona daraja nyingine mbele ya wale walioshuka majahazini jana. Mtu aliyepokewa kwa shida naye alijifunza upesi kumwangalia anayekuja nyuma yake kwa jicho la pembeni. Ni tabia ya binadamu, na haikwisha mwaka 1875.

Jaribio kubwa zaidi lilikuwa la watoro. Hawa hawakuletwa na manowari. Walikuwa watumwa waliotoroka mashamba ya pwani na kukimbilia misheni kwa miguu yao. Kuwapokea kulikuwa hatari, kwani kisheria walikuwa mali ya watu, na wenye mali walikuwa na silaha. Balozi wa Uingereza kule Zanzibar aliwaonya wamishonari wasiwahifadhi, na wakuu wa misheni wakakubali. Lakini Waafrika waliokuwa wakiendesha kazi huko Rabai, akiwemo William Jones, fundi chuma aliyewahi kuwa mtumwa na ambaye mwaka 1885 alitiwa wakfu kuwa shemasi, waliona watu hao wakija na hawakuwafukuza. Mbali zaidi, huko Fuladoyo, Wagiriama Wakristo walikuwa na kijiji chao wenyewe na waliwapokea watoro bila kungoja ruhusa ya Mzungu yeyote. Kiongozi wao, David Koi, aliuawa mwaka 1883.

Mwaka 1888 mambo yakafika kikomo. Wenye watumwa walikuja juu, wakitaka watu wao. Hesabu ilipofanywa, watoro waliokuwa wamejificha katika vituo vya misheni walionekana kuwa zaidi ya 1,400. George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki aliona pasipolipwa fidia patamwagika damu. Fidia ikatolewa, na siku ya mwaka mpya wa 1889 watu hao wakapewa hati za uhuru.

Fikiria watu 1,400 ambao kwenye vitabu rasmi vya misheni hawakutakiwa kuwepo. Nani aliwapa maji? Nani aliwaonyesha pa kulima? Hao hawakuandikwa majina, na sidhani waliita kamati kwanza.

Unga na kiti

Narejea kwa jirani yangu, maana historia isipotufikisha Ganjoni itakuwa masimulizi ya kupitisha wakati.

Makanisa yetu hayakuwasahau walemavu. Itakuwa uongo kusema hivyo. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya vipofu ya Thika mwaka 1946, wakati ambapo serikali ya kikoloni ilikuwa na mambo mengine, na kwa miaka mingi shule nyingi za watoto walemavu nchini zilisimama kwa juhudi za makanisa. Hapa Mombasa tunayo shule ya vipofu ya Likoni na ile ya watoto wenye ulemavu wa viungo kule Port Reitz. Waumini wanatoa sadaka, vijana wanapeleka sabuni na vitabu, picha zinapigwa. Hayo ni mema.

Ila kumpelekea mtu unga ni jambo moja na kumpa kiti ni jambo jingine. Unga unapelekwa kwake, nawe unarudi kwako. Kiti kiko kwako. Akikikalia, atasikika, atachelewesha foleni ya meza ya Bwana, atadondosha mate kwenye kitabu cha nyimbo, na asipokuja kitabaki wazi na utauona uwazi wake. Ndiyo maana tunatoa unga kwa wepesi.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu nchini watu wapatao 900,000 wenye ulemavu, yaani asilimia 2.2 ya wote waliotimiza miaka mitano na kuendelea. Chukua kanisa linalojaza watu 500. Kwa hesabu ya darasa la tano, humo wangekuwemo 11. Jumapili ijayo, badala ya kuhesabu mataa ya dari wakati wa matangazo, wahesabu hao. Ukipata watatu, jiulize wale wanane wako ghorofa ya ngapi.

Wakristo hawawezi kusema hawakufundishwa. Katika Injili ya Marko wako watu wanne waliomleta mwenzao aliyepooza, wakakuta nyumba imejaa, wakapanda juu na kutoboa paa. Nimesikia mahubiri mengi juu ya imani ya hao wanne. Sijasikia hata moja juu ya mwenye nyumba, ambaye udongo ulimdondokea mbele ya wageni wake na bado haandikwi kuwa alilalamika. Katika Injili ya Yohana wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na jambo la kwanza wanalouliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye ama wazazi wake. Yesu anawajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Yule mama mwenye chupa ya mafuta bila shaka amekisoma kisa hicho. Na mfalme Daudi alipomtafuta mtu wa nyumba ya Yonathani alimpata Mefiboshethi, kiwete wa miguu yote miwili, akamweka mezani pake ale naye siku zote. Angeweza kumtumia posho.

Nao upande wa sheria haukunyamaza. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kufikia mahali mbalimbali. Lakini hakuna askari atakayekuja kanisani kumlazimisha mtu asogee kwenye benchi. Hapo sheria inakomea mlangoni.

Ugumu nao upo, tusidanganyane. Mhubiri amekesha akitayarisha mahubiri, na mzee wa miaka 80 mwenye masikio mazito naye ana haki ya kusikia. Mwalimu wa shule ya Jumapili ni msichana wa kujitolea, hakufundishwa popote namna ya kumhudumia mtoto asiyesema. Haya yanahitaji mipango. Lakini katika kanisa hilo hapakuwa na mpango wowote, palikuwa na mlango tu.

Jirani wa kando

Aliyejaribu kwanza kulitatua jambo hili si Mkristo. Mlango wa pili kutoka kwa jirani yangu anakaa bibi mmoja Mwislamu, mtu wa makamo, ambaye mtoto yule humwita kwa sauti fulani anayoijua yeye. Bibi huyo aligundua kwamba Jumapili mwenzake haendi tena kanisani. Akamwambia, "Mwanangu, nenda ukaswali kwenu. Kijana niachie mimi." Hakuuliza zaidi.

Mama akaenda. Alivaa ile gauni, akaketi katikati ya kanisa, hakuna aliyemwangalia vibaya. Wapo waliomshika mkono na kumwambia wamefurahi kumwona. Wimbo wa pili ulipoanza akasimama akatoka. Alipokuwa akinieleza alishindwa kusema kwa nini, akabaki kuzungusha kikombe. Baadaye akasema kwamba walifurahi kumwona hivyo alivyokuwa, peke yake.

Pakakaa hivyo mpaka Mei mwaka huu. Ghorofa ya kwanza wamehamia watu wenye binti wa sekondari, mwimbaji wa kwaya katika kanisa hilo hilo. Msichana huyo alikutana na mama kwenye ngazi akiwa amembeba mwanawe, ambaye sasa ni mzito, wakitoka kliniki ya mazoezi ya viungo. Akamwamkia, akampokea mkoba, na walipofika juu akauliza swali ambalo watu wazima walilikwepa kwa zaidi ya mwaka mzima.

"Mama, mbona nyinyi hatuwaoni kanisani?"

Mama akamwambia ukweli wote, hadi chupa ya mafuta.

Makanisa mengi siku hizi yana vikundi vya mtaani. Wakatoliki huviita jumuiya ndogo ndogo, na maaskofu wao wa Afrika Mashariki walivitilia mkazo tangu mkutano wao wa mwaka 1976. Makanisa mengine yana ushirika wa nyumbani. Waumini wa majirani hukutana kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Kikundi cha jengo letu na la pili yake hakikuwahi kukutana ghorofa ya tatu. Zamu ilikuwa ikirukwa, kwa huruma, walisema, wasimsumbue mama. Msichana akasimama kikundini akaomba zamu isirukwe.

Nilialikwa, nikaenda. Jengo letu halina lifti, na wazee wawili walipumzika kila ghorofa. Viti havikutosha, vinne vikatoka kwa bibi wa mlango wa pili pamoja na birika la chai ya tangawizi. Mtoto aliwekwa juu ya mkeka, mgongo wake ukiegemea mto, katikati ya watu. Wimbo ulipoanza alipiga ile kelele yake. Watu wakatazamana. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma somo alisimama kidogo, akangoja, kisha akaendelea kwa sauti kubwa zaidi kuliko mtoto. Mara ya pili hakungoja. Mara ya tatu sidhani kama kuna aliyegeuka, isipokuwa mimi niliyekuwa nikiandika.

Mwisho wa mkutano katibu alifungua daftari kuandika mahudhurio. Akahesabu vichwa kwa kalamu, akasema wako 14. Msichana akamwambia ahesabu tena.

Habari zikafika kwa wakubwa wa kanisa. Sijui nani alizipeleka. Mzee wa kanisa alipanda ghorofa ya tatu, akaketi, akaomba radhi, na akasema wanaume wawili watapewa kazi ya kumbeba kijana kila Jumapili kupanda zile ngazi saba za mlango mkubwa. Mama akashukuru. Halafu akamwambia kwamba mwanawe atakuwa na miaka 12, atakuwa na miaka 15, na hataki abebwe mbele za watu kama gunia la mkaa. Anataka njia ya mteremko ambayo kiti cha magurudumu kitapanda chenyewe, anataka nafasi iachwe katikati ya mabenchi, si karibu na mlango, na anataka mhubiri awaambie waumini mapema kwamba mtoto huyu hupiga kelele na kwamba huko ndiko kuimba kwake.

Mzee wa kanisa aliandika yote matatu kwenye karatasi. Fundi alikuja kupima zile ngazi Jumamosi mbili zilizopita, akataja bei ya saruji na kokoto. Mpaka naandika makala haya hajarudi, na gauni la Jumapili bado liko kabatini.